Jogoo wa Kijivu na Lori la Tarehe Ishirini na Tisa

Jumamosi, 1 Agosti 1987

Naanza daftari hili leo na naapa kusema yote. Yote! Hata yatakayoniaibisha, ingawa sidhani kama yatakuwepo, maana nimelelewa vizuri na muhula uliopita nilikuwa wa pili darasa la saba. (Wa kwanza alikuwa Nabalayo, binti wa jirani. Alinishinda kwa alama mbili. Za sayansi.)

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe ishirini na tisa mwezi huu lori litakuja uwanjani kwa chifu likiwa limejaa majogoo wa kizungu. Unapeleka jogoo wako wa kienyeji, unapewa jogoo mgeni. Mmoja kwa mmoja. Bure kabisa! Watu wa mtaa wetu, ambao kwa miaka minne hawajakubaliana nani azibue mtaro, wamekubaliana juu ya majogoo kwa siku moja.

Baba ameandikisha jina lake kwa chifu. Baba ana jogoo mmoja tu hapa nyumbani. Jogoo huyo ni Mheshimiwa. Na Mheshimiwa ni wangu.

Nilipewa na Dani, nyanya yangu mzaa mama wa Pap Onditi, jogoo pamoja na mke wake wa rangi ile ile. Rangi ni kijivu. Si kijivu cha uchafu! Ni kijivu cha mvua inapovuka ziwa saa tisa alasiri, na kila unyoya una ukingo mweusi kama uliochorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri. Dani anasema alipoolewa walikuwa wengi Nyakach nzima. Siku hizi anazunguka soko zima la Pap Onditi bila kumwona hata mmoja. Jina la Mheshimiwa lilitokana na suti ya Baba ya Jumapili, ile Kaunda suti ya kijivu. Wakisimama pamoja uani, jogoo ndiye anayeonekana kuwa na cheo.

Nilimpa Baba hotuba ya dakika kumi juu ya rangi zinazopotea. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo huniogopesha daima. Kisha akasema: mama yangu (huniita hivyo kwa kuwa nina jina la marehemu mama yake), mbegu ni kitu kinachojizaa. Ukipanda mtama unavuna mtama. Kama vifaranga wa safari hii watatoka kijivu wote, huyo ni mbegu, atabaki. Akitoka hata mmoja wa rangi nyingine, basi ni kuku tu aliyelala kwenye majivu, na atapanda lori. Kesi itasikilizwa Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni.

Tukapeana mikono. Mama alikuwa akipepeta omena, dagaa wa ziwani. Akasema amesikia, yeye ni shahidi.

Nimeshinda tayari.

Jumapili, 2 Agosti

Mke wa Mheshimiwa ameatamia leo. Mayai tisa! Nimeyahesabu mara mbili, akanidonoa mara tatu.

Lazima niandike pia habari ya mwaka jana, kwa kuwa niliapa. Mwaka jana aliangua sita. Watatu kijivu, wawili weusi, mmoja mweupe mwenye matone matone kama daftari la mtoto wa nasari aliyemwaga wino. Wale wa kijivu, mwewe alichukua wawili na wa tatu alitembelewa na mchungaji. Wa rangi mbaya waliishi wote. Ndivyo dunia ilivyo.

Sababu za rangi mbaya nazijua. Kwanza, jogoo mweusi wa pale poshomili, kwenye kinu cha unga, alikuwa akipita hapa kwetu jioni na tabia zake. Pili, kuku huzaa anachokitazama. Hili nililisikia kwa wanawake wauza samaki wa ufuoni Dunga, ambao wanajua mambo mengi kuliko kitabu. Mwaka jana kiota kilitazamana na gunia jeupe la unga. Ni wazi.

Wale wa rangi mbaya nilimpa Nabalayo wote. Mweusi mmoja wakamla Krismasi. Waliobaki, kuku jike mweusi na jogoo yule wa matone, wamenona hadi aibu. Nabalayo huwaogesha.

Jumatano, 5 Agosti

Nimeunda Chama cha Kuhifadhi Rangi. Mwenyekiti: Milka Awuor. Katibu: Milka Awuor. Kura zilipigwa kwa siri.

Nabalayo akaomba kujiunga kupitia tundu la ua wa michongoma. Nilimwambia kwa upole kwamba chama kinalinda kuku, na watu wa kwao Bungoma wanajulikana kwa namna wanavyowapenda kuku mezani. Akacheka. Akauliza kwani yule wa kijivu aliyetembelewa na mchungaji, ni nani aliyelamba sahani. Mwenyekiti hajibu maswali ya tunduni.

Ndipo akatoa habari yake. Kuku wake mweusi ameatamia tangu jana. Mayai saba, na baba yao ni yule mwenye matone. Anataka tulinganishe vifaranga wakitoka, kama zoezi la sayansi.

Mweusi na mwenye matone! Nikamwambia atapata punda milia. Akaandika maneno yangu kwenye daftari lake, na tarehe.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango Mkuu. Mwaka huu kuku wangu hataona kitu chochote ila kijivu.

Nimefunga banda kwa waya, jogoo wa poshomili asitie mguu. Nimeondoa mtungi mweupe. Nimefukuza mbuzi mweusi wa watu. Ukuta nimeupaka majivu ya jikoni. Lakini mbele ya kiota pale, usawa wa macho, palihitaji kitu cha maana. Kitu cha kijivu safi. Kikubwa.

Suti ya Baba imekaa vizuri mno. Mama aliipiga pasi leo asubuhi, na Baba haivai mpaka Jumapili. Nimeitundika kwenye msumari, mikono imenyooshwa. Kuku aliitazama kwa muda mrefu, kisha akatulia kama mtu aliyepata mume wa pili.

Mheshimiwa ameiwikia suti mara kumi na nne. Wivu.

Jumapili, 9 Agosti

Nimeirudisha suti alfajiri. Niliikung'uta mara tatu! Naandika hili kwa ajili ya haki. Mara tatu.

Nilichosahau ni kwamba utitiri wa kuku haukung'utwi. Ni mdogo kuliko nukta na hupenda joto. Baba alikaa salama hadi wimbo wa pili. Kwenye wimbo wa tatu alianza kujikuna shingo. Mahubiri yalipofika kwenye dhambi, aliruka. Kisha akainua mikono yote miwili na kupiga kelele moja ambayo sikuwahi kumsikia akipiga.

Mchungaji akakatiza mahubiri. Akasema Bwana Dishon ameguswa. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba akaitwa mbele kutoa ushuhuda, akautoa, mfupi sana, akijisugua mgongo kwenye mimbari.

Nyumbani alichomoa unyoya mmoja wa kijivu kutoka mfukoni kwa vidole viwili, akaniwekea mezani kando ya ugali wangu. Alimaliza wake kwanza. Baadaye alisema kitu. Nimepigwa marufuku kugusa nguo yoyote yenye vifungo, na yeye ameapa hatatia mguu bandani mwa kuku maisha yake yote.

Hasara ni ndogo. Siku mbili za kuitazama suti zinatosha.

Jumamosi, 15 Agosti

Bwana Masinde wa mifugo amekuja na baiskeli kuandika majogoo wa mtaa. Anaandika jina la mwenye jogoo, rangi ya jogoo, umri wa jogoo. Kwa Mheshimiwa aliandika "kijivu", akasita, akarudi kumtazama tena. Akasema hajaona wa namna hii tangu aje Kisumu. Nikamwambia ndiyo, na ametambuliwa na Chama.

Mzee Wakoli, baba yake Nabalayo, alikuwa ameegemea ua. Ni mlinzi wa godauni, hulala mchana na kusema ukweli jioni. Alisema, "Bwana Masinde, hii jogoo inatembea kama DO wa serikali amekuja kuona choo ya shule. Hii ukiweka kwa lori, itauliza dereva kitambulisho."

Wote wakacheka. Mheshimiwa hakucheka.

Kisha Bwana Masinde akaenda ng'ambo ya ua, akawaona wale wawili wa rangi mbaya, na akachuchumaa! Akaita kila mtu. Akachora chini kwa kijiti. Akasema hao watatu, kijivu, mweusi na mwenye matone, ni ukoo mmoja. Ukiweka kijivu kwa kijivu, unapata mchanganyiko: karibu nusu kijivu, wengine weusi, wengine wa matone. Haikosi. Lakini ukiweka mweusi kwa mwenye matone, unapata kijivu kitupu. Wote. Akaniambia mimi hasa: "Msichana, ukitaka kuihifadhi hii rangi, usitupe hao wengine. Hao ndio ghala."

Nilimsikiliza kwa adabu zote. Halafu nikaona alichoshika mkononi. Kiazi kitamu cha moto! Na kikombe cha chai ya maziwa, kutoka jikoni kwa Mama Agneta, mama yake Nabalayo. Vikombe viwili nilivihesabu.

Basi. Sasa najua elimu ya chuo inanunuliwa kwa nini.

Nabalayo alinakili mchoro wote.

Jumatano, 19 Agosti

Hakuna jambo leo. Kuku amekaa. Mimi nimekaa nje ya mlango wake. Tofauti ni kwamba yeye anasifiwa.

Jumapili, 23 Agosti

Wametoka!

Yai moja bovu. Vifaranga wanane. Nimewahesabu mara mbili.

Wanne kijivu. Wawili weusi. Wawili weupe wachafu.

Nimekaa chini kwenye kinyesi nikafikiri kwa nusu saa. Kosa liko wapi? Waya haukukatika. Jogoo wa poshomili hakuingia. Nimepata jibu: vifungo. Suti ya Baba ina vifungo vyeusi! Na kola ina bitana nyeupe. Kuku wangu ana macho makali kuliko nilivyodhani.

Mama amechungulia, akahesabu kwa midomo, akaenda zake akiimba. Shahidi hatari.

Siku tano zimebaki. Leo nimekaa na Mheshimiwa kwenye kivuli cha ukuta. Anakula unga wa omena kutoka kiganjani mwangu bila kuniumiza, kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesoma saa yako bila kukuambia. Nilimuuliza kama ana wazo. Hana.

Jumatatu, 24 Agosti

Wazo: majivu.

Nilichekecha majivu ya mkaa, nikachanganya na mafuta ya kupikia kidogo, nikawapaka wale wanne wabaya. Kwa dakika ishirini nilikuwa na vifaranga wanane wa kijivu na moyo mwepesi.

Kisha weusi wakaanza kupiga chafya. Weupe wakaonekana kama kaimati zilizoangukia majivuni. Mama yao akawatazama, akawatambua kuwa ni maadui, akawafukuza hadi kwenye ndoo. Nimewaosha kwa maji ya uvuguvugu na kuwakausha kifuani mwangu, mmoja mmoja, saa mbili nzima. Mama alikuta gauni langu la shule likiwa na rangi zote tatu za ukoo. Alisema, "Yawa, Milka, sasa wewe ndiye mbegu."

Jumanne, 25 Agosti

Nabalayo ameniita tunduni. Alifunua kikapu.

Saba. Kijivu. WOTE SABA.

Kutoka kwa kuku mweusi! Kwa jogoo aliyemwagikiwa na wino!

Nilimwuliza alitundika nini mbele ya kiota. Akasema hakutundika kitu, ni ule mchoro wa Bwana Masinde. Nikamwambia anaweza kuficha siri yake, mimi si mtu wa kulazimisha. Akafungua daftari akanionyesha palipoandikwa "punda milia", na tarehe. Mtu wa namna hiyo!

Jumatano, 26 Agosti

Akili yangu hufanya kazi vizuri nikiwa sijala. Leo sikula.

Nimemwendea Nabalayo kwa heshima nikampa pendekezo la kubadilishana kwa manufaa ya taifa. Mimi nitoe wangu wanne wabaya, yeye atoe wanne wa kijivu. Nilitegemea vita. Nilikuwa nimeandaa machozi.

Alikubali papo hapo!

Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Akaanza kunieleza tena habari za ghala. Nikamwambia nina haraka. Akasema, "Sawa, lakini usije ukasema nilikudanganya." Halafu akawabusu wale weusi vichwani. Maskini! Wa kwanza darasani, na amepokea takataka nne akitoa dhahabu nne. Ndiyo maana husemwa kwamba mitihani haipimi kila kitu.

Mke wa Mheshimiwa aliwadonoa wageni kidogo, kisha akachoka. Sasa nina wanane. Wote kijivu. Nimemwambia Mheshimiwa atulie, mambo yameiva.

Ijumaa, 28 Agosti

Kesi.

Saa kumi kamili Baba alitoka na kiti, akakiweka uani, mbali na banda. Mama akasimama nyuma yake na ungo. Mzee Wakoli akaegemea ua kwa ajili ya elimu tu, alisema. Nilitoa kuku na watoto wake nikawamwagia mtama.

Baba akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Wanane, kijivu. Akavua miwani, akaipangusa, akasema kwa sauti ambayo sitaisahau kwamba alikosea, kwamba huyu jogoo kweli ni mbegu, na kwamba mtoto wake amemfundisha jambo. Akanyoosha mkono.

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Ng'ambo ya ua, kuku mweusi wa Nabalayo alipata mdudu. Akaita watoto wake: ko, ko, ko. Mara tatu tu. Sauti ya kawaida.

Wanne kati ya wanane wakainua vichwa. Wakamtazama mke wa Mheshimiwa. Wakatazamana. Kisha wakapiga mbio kuelekea tunduni, mbawa wazi, kama watu waliosikia feri inaondoka.

Mke wa Mheshimiwa akashtuka, akaita wake kwa sauti ya juu. Na kutoka ng'ambo, kupitia tundu lile lile, wakaja wawili weusi na wawili weupe wenye matone. Walipishana na wale wa kijivu pale katikati kama zamu mbili za kiwanda. Hakuna aliyepotea. Kila mmoja alijua mama yake ni nani.

Baba akavaa miwani tena kwa mkono wa pili.

Mzee Wakoli akasema, "Eh. Sasa hiyo ni sensa."

Mama alijifunika uso kwa ungo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Baba aliurudisha mkono wake taratibu. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliniuliza tu kama ninakumbuka tulichoagana. Nikasema nakumbuka. Akauliza kama ningekuwa yeye ningefanya nini. Nilitaka kusema mambo mengi kuhusu vifungo. Nikasema: atapanda lori.

Niliapa kusema yote, kwa hiyo naandika. Jioni hii sikuweza kumtazama Mheshimiwa. Nilimwekea omena nzima nzima, si unga, nikageuza uso.

Jumamosi, 29 Agosti

Nilimbeba mwenyewe hadi uwanjani kwa chifu. Hakupigana. Alitazama barabara yote kutoka kwapani mwangu kama anayekagua mitaro.

Mtaa mzima ulikuwepo. Sikujua tulikuwa na rangi nyingi namna ile. Wekundu wa matofali. Wenye madoa kama kanga. Wa dhahabu wenye mkia wa kijani. Kishingo mmoja mwenye shingo tupu. Mmoja ambaye manyoya yake yamejikunja kinyumenyume kama aliyetoka usingizini. Bwana Masinde anaita jina, jogoo anaingia kwenye kreti, mwingine anatoka. Rangi zote za mtaa ziliingia kwenye lori, zikatoka nyeupe. Moja tu. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, kama shuka za hospitali. Nilimuuliza Bwana Masinde hao wetu wanakwenda wapi. Akasema sokoni, bila kuniangalia. Watu wengine walikuwa wakiimba.

"Dishon!" akaita. Baba akaniashiria. Nikapiga hatua mbele.

Hapo ndipo Nabalayo alipopenya kati ya watu, yule jogoo wake wa matone kwapani. Alimwamkia Baba kwa kuinama, vizuri kuliko ninavyomwamkia mimi. Akasema kwa lugha safi ya darasani kwamba daftari la chifu linasema Bwana Dishon atatoa jogoo mmoja wa kienyeji. Halisemi yupi, na "kijivu" cha Bwana Masinde kilikuwa cha takwimu tu. Akaomba Bwana Dishon atoe huyu wake wa matone, na ampe yeye Mheshimiwa. Jogoo kwa jogoo. Hapo Mheshimiwa atakuwa ameondoka nyumbani kwetu kama tulivyoagana, na maneno ya Bwana Dishon hayatakuwa yameanguka.

Bwana Masinde akamwambia kwa sauti ya chini afikiri sana, huyo mwenye matone ndiye baba wa kijivu kitupu, hatampata mwingine kirahisi. Nabalayo akasema anajua. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemwogesha asubuhi, manyoya bado yalikuwa na unyevu. Halafu akamweka kwenye kreti mwenyewe.

Baba alimtazama Nabalayo, akanitazama mimi. Akasema jogoo ni jogoo, andika.

Kwa hiyo Mheshimiwa hakupanda lori. Yuko ng'ambo ya ua! Hatua kumi na mbili. Nabalayo aliniambia tukirudi kwamba naweza kuja kumlisha kila siku, asubuhi na jioni, tundu ni lile lile. Nililia kidogo. Nilipomaliza nilifikiri vizuri nikaona hila yote. Wiki nzima alipanga hili! Anatabasamu, anakubali takataka, anamtoa jogoo wake mbaya, na mwisho ana Mheshimiwa uani kwake. Nimekutana na wajanja wengi, lakini huyu ni wa kwanza darasani kweli.

Nilimwambia asante. Nimelelewa vizuri.

Jumapili, 30 Agosti

Jogoo mgeni ni mkubwa kama mto wa kulalia na ana akili kama za mto wa kulalia. Mvua ilinyesha, akasimama chini yake akishangaa. Nimempa omena, akakimbia. Mke wa Mheshimiwa amempiga mara mbili kabla ya kanisa na mara moja baada ya kanisa. Baba ana furaha naye. Anamtazama kutoka mbali, kwa sababu ya utitiri.

Wale weusi wawili na weupe wawili nimempa Nabalayo tena, leo mchana, wasije wakawaharibu wanne wa kijivu kwa kuwatazama. Alisema asante mara mbili, akaanza kuruka ruka. Alisema mmoja wa weupe ana dalili za kuwa jogoo. Nikamwambia pole.

Mimi nina mpango mpya. Nimeuwaza wakati wa mahubiri na hauna tundu lolote. Nimeandika barua kwa Dani, na hii hapa nakala yake, nisije nikasahau nilivyosema.

"Dani mpendwa,

Sisi hatujambo. Mheshimiwa hajambo pia, ila amehamia kwa jirani kwa sababu za kiserikali. Mke wake yuko hapa na ataanza kutaga tena muda si mrefu. Kwenye banda nimemwekea jogoo mweupe wa Baba, lakini nitamfunga kitambaa cha macho, yaani kuku, asimwone. Kila Mheshimiwa akiwika kutoka ng'ambo, huyu mke wake husimama, huelekeza kichwa upande ule, na hataki kula mpaka amalize. Nimemwona kwa macho yangu jana jioni na leo alfajiri. Hata mimi siwezi kula.

Kwa hiyo nataka kujua jambo moja, na tafadhali mwambie mwalimu akuandikie jibu siku hiyo hiyo barua ikifika, alitie kwenye posta ya kwanza, kwa kuwa kuku hatasubiri: kifaranga hufuata rangi ya baba aliye karibu na mama yake, au ya yule ambaye mama anamsikiliza?"